Tutu wa Jerikeni

Leo mjukuu wangu alikuwa akimimina maji ya jerikeni, du-du-du-du, nami nikajikuta nimeshasimama kwenda kuanua omena, dagaa wetu wa ziwani.

"Dani, unakimbilia wapi?" akaniuliza mimi bibi yake. Nilikuwa nimerudi ufuoni, mtoto wa miguu ya matope.

Kwetu ndege tutu akilia, tunajua mvua inakuja. Mlio wake unashuka mbio, kama maji yanayotoka kwenye mdomo mwembamba. Siku hiyo mama alikuwa ameanika omena kwenye neti, na omena ikinyeshewa inabaki chakula cha kuku tu. Nikasikia du-du-du-du. Nikapiga kelele, "Tutu! Tutu analia!" Mama akaruka, akakunja neti zote, jasho linamtoka na jua linawaka vilevile.

Kumbe jirani yetu alikuwa nyuma ya kibanda, anamimina maji ya jerikeni. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, tutu wako huyu hapa!" akamwita mama yangu. "Njoo umfunge kifuniko!"

Wanawake wote waliokuwa ufuoni wakaangua kicheko. Mimi nikangoja kofi.

Mama akatandaza neti upya, taratibu, harufu ya samaki ikatujaa puani.

"Chekeni," akasema. "Wangu ana masikio. Nyinyi hata tutu wa kweli akilia, mnangoja mpaka mlowe."

Kisha akanipa kona ya neti nishike.

Omena ilikauka vizuri. Nami nilishinda pale kando yake, shingo nimeinyoosha, nikisikiliza.