Nilivyofundisha nusu muhula Kolwezi bila wanafunzi kunielewa, na mimi nikidhani hawanisikii

Wakuu, heshima kwenu popote mnaponisoma.

Haya yamenitokea mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu, kwa hiyo mkitaka kunisema nisemeni tu.

Mimi ni Mtanzania, nimesomea uhandisi wa migodi. Nilipata mkataba wa kufundisha chuo kimoja Kolwezi, Congo (jina la chuo naliacha). Somo langu ni usalama wa kuta za migodi ya wazi, yaani ukuta wa udongo na mwamba unasimamaje na unaangukaje.

Nilipopata ile kazi nilifurahi. Nilijua eneo lile la Katanga wanaongea Kiswahili, nikasema hapa nimefika nyumbani.

Kumbe sheria ya chuo ni kufundisha kwa Kifaransa.

Kifaransa changu kilikuwa cha kozi ya miezi sita niliyoisoma zamani. Nikatafsiri slides zangu zote na kompyuta, nikawa nazisoma darasani neno kwa neno. Nikimaliza slide moja nageuka kuwauliza kwa Kiswahili, maana hapo najiamini:

"Mnanisikia?"

Wanajibu, "Hapana Prof, hatusikie."

Napandisha sauti. Nauliza tena. "Hatusikie."

Wakuu, nilienda sokoni nikanunua spika ndogo ya kuvaa kiunoni, ile ya wahubiri wa barabarani. Nikawa nafundisha nayo. Wiki ya kwanza nauliza, wananijibu vilevile. Baadaye wakaacha kujibu kabisa, nikajua tatizo limeisha.

Ukaja mtihani wa kwanza. Karibu darasa zima likaanguka, waliopona ni wachache mno.

Kulikuwa na kijana anaitwa Ilunga. Kabla ya chuo alikuwa creuseur, ndivyo wanavyowaita wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti. Alikuwa amechimba miaka mingi mpaka akapata nafasi ya kusoma. Karatasi yake haikuwa na sentensi hata moja. Alichora shimo, akaweka mishale, akaandika jina lake. Nikampa sifuri.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Nilimwambia mbele ya wenzake, kwa Kifaransa, kwamba labda shimoni panamfaa kuliko darasani.

Sentensi hiyo niliitamka vizuri. Hiyo walielewa wote.

Kesho yake Ilunga alikuja darasani, akakaa palepale anapokaa siku zote.

Wiki mbili baadaye nikawapeleka field, kwenye shimo la zamani lililoachwa, upande wa barabara ya Mutshatsha. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Hapo mhandisi mwenye akili angeahirisha safari. Mimi sikuahirisha, nilikuwa nyuma ya ratiba.

Tukasimama chini, ukuta uko nyuma yangu, nasoma makaratasi yangu ya Kifaransa. Nikasikia vijiwe vinadondoka. Nikageuka, nikaona chini ya ukuta udongo umevimba, unasukumwa nje.

Kifaransa chote kikanitoka kichwani. Hata Kiswahili sikukikumbuka. Nikasema kwa Kiingereza, "Move! Move back!"

Wakanitazama. Wawili wakafungua daftari ili waandike nilichosema.

Ilunga ndiye aliyepiga kelele: "Mukimbie! Budongo bunakuya!"

Wote wakakimbia. Mimi alinivuta kwa shati. Ukuta ukashuka pale tulipokuwa tumesimama, ukafunika mkoba wangu na ile spika. Hakuna aliyeumia. Tulikaa upande wa pili tumejaa vumbi jekundu, wengine wanalia, mmoja anasali.

Akanijia Mama Kapend, kiongozi wa darasa, mwanamke wa miaka arobaini hivi anayesoma huku akiuza makaa. Akanipa maji ya kunywa, akakaa kando yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Prof, unafikiri shiye tuko bakiziwi?"

Viziwi? Nikamwambia sijaelewa.

"Kila siku unatuuliza kama tunasikia. Tunakuambia hatusikie. Unaleta haut-parleur. Sauti yako inafika mpaka ku barabara, tata. Bile bitu unasema, njo hatusikie."

Hapo ndipo nikajua. Huku kwao kusikia ni kuelewa pia. Kumbe walikuwa wananiambia "hatuelewi", na mimi nawaongezea sauti.

Nikamuuliza kwa nini walinyamaza. Akasema, "Shiye benyewe Français inatushinda. Tuliona haya. Na weye ulikuwa unakasirika."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaitoa tena karatasi ya Ilunga. Ile mishale ilikuwa inaonyesha ufa juu ya ukuta, maji yanaingia kwenye ufa, udongo unavimba chini, na upande utakaoangukia. Kijana alikuwa amejibu swali.

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya darasa, palepale nilipomtukana. Akaitikia kwa kichwa tu, akafungua daftari lake. Sikumlaumu.

Halafu nikaenda kwa mkuu wa idara, nikaomba nifundishe kwa Kiswahili. Akakataa, na sababu yake ilikuwa na uzito: "Diploma ni ya Kifaransa. Kampuni zitawahoji kwa Kifaransa. Ukiwalea kwa Kiswahili unawafungia kazi."

Nikarudi mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nikaenda na Mama Kapend. Yeye akamwambia, akimwita "tata", yaani baba:

"Tata, shiye hatukatae Français. Tunaitaka. Lakini mulango ya kuingilia iko mu Swahili."

Mkuu wa idara akaweka sharti. Nieleze kwa Kiswahili, kisha nirudie kwa Kifaransa. Mwisho wa muhula atakaa darasani, na mwanafunzi atakayemchagua yeye aeleze somo kwa Kifaransa. Ikishindikana, mkataba wangu hauongezwi.

Nikakubali.

Kila alfajiri nilikuwa naenda kwa mwalimu mmoja mstaafu kujifunza Kifaransa. Darasani tukagawana kazi: wanafunzi wananipa neno la kwao, mimi nawapa maana ya kihandisi, kisha tunatafuta la Kifaransa kwa pamoja na kulitamka mpaka likae. Waliotoka miji ya Kasaji na Dilolo walikuwa wananicheka Kiswahili changu cha vitabuni. Mimi nacheka nao, kazi inaendelea. Wawili walikuwa wameshaacha chuo kabla hatujaanza utaratibu huu, nikawatafuta, hawakurudi. Hao nimewapoteza mimi.

Siku ikafika. Mkuu wa idara akakaa nyuma, akaangalia orodha ya majina, akamwita Ilunga.

Ilunga akasimama. Akaeleza kwa Kifaransa jinsi maji yanavyopunguza nguvu ya ukuta. Kifaransa chake kilikuwa cha kuchechemea ila kila hatua ilikuwa sahihi. Katikati akakwama neno moja. Mimi nikafungua mdomo nimsaidie, nikajizuia. Akalisema kwa Kiswahili.

Wenzake wakageuka kutazama nyuma.

Kutoka nyuma, mkuu wa idara mwenyewe akampa neno la Kifaransa. Ilunga akalirudia, akaendelea mpaka mwisho.

Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja.

Nilichojifunza ni kwamba mwanafunzi akikuambia hajaelewa, amekupa nafasi. Ukiipoteza kwa hasira hatakuambia tena, na utadhani mambo yanaenda sawa. Na karatasi isiyo na maneno haimaanishi kichwa kitupu.

Walimu na wanafunzi mliomo humu, lugha iliwahi kuwagonganisha vipi darasani? Na nyie mnaojua Kiswahili cha Katanga, niambieni maneno mengine yatakayonitia matatizoni kabla sijayatumia.