Mashine Iliyoziba Mwanya

Asubuhi moja niliondoka nyumbani Kikwajuni bila kujua nakwenda wapi. Shule nilishaiacha darasa la sita. Nilishachuma karafuu Kidichi, nikatengeneza redio, na vyote vikanichosha. Katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe nikasikia kitu kikilia ghorofani kama nyuki ndani ya kopo. Nikapanda ngazi.

"Jino linakuuma?" aliuliza Fundi Mkuu wa maabara ya meno.

"Shikamoo. Haliniumi. Nataka kujua kinacholia."

"Marahaba. Aliyeletwa na masikio yake hafukuzwi. Kaa, shika nta."

Nikakaa mpaka nikaota mvi. Tulichonga jino kwa nta, tukalizika katika plasta, tukaiyeyusha nta na kumimina madini mahali pake, kisha tukapaka kauri kwa brashi na kuichoma tanurini. Fundi Mkuu hakuniruhusu kugusa kisu kabla mgonjwa hajacheka mbele yangu. "Mdomo uliofungwa haukwambii kitu," alisema.

Alipofariki, akaja Daktari Mkuu kuisimamia maabara. Akaniita: "Mzee, tunanunua mashine ya kuchonga meno. Chagua wewe, ndiwe utakayekaa nayo."

Nikafurahi kama mtoto. Nikauliza kila aliyewahi kuiona. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo, jueni: inayochonga kavu hutoa vumbi na hutaka kifyonza cha kulivuta, inayochonga kwa maji hutaka maji safi, na ya bomba letu huacha chokaa. Lakini ulizeni kwanza nani atachora jino. Mashine iliyo wazi hupokea mchoro wa fundi yeyote. Iliyofungwa hufuata mchoro wa ofisi ya muuzaji tu. Nikachagua iliyo wazi.

Ikaja iliyofungwa.

"Ilikuwa imeshaagizwa," akasema Daktari Mkuu. "Nilitaka tu ujione umeshirikishwa."

Kisha akaja Bi Zuhura, mjane aliyevunjika jino la mbele kwa kuteleza chooni. Nikamchekesha, nikaona lilipokuwa pengo dogo kati ya meno yake mawili ya juu.

"Fundi, mwanya wangu usiuguse," akasema. "Marehemu aliniposa kwa mwanya huu. Sura nlikuwa sina!"

Tukamwandikia muuzaji: acheni mwanya. Mchoro ukarudi mwanya umezibwa. Tukaandika tena. Ukarudi umezibwa, na maneno ya adabu kwamba wametusahihishia kosa. Nikaomba nilichonge jino kwa nta.

"Mzee, mashine tumenunua ya pambo?" Daktari Mkuu akauliza, akalibandika lililochongwa na mashine.

Bi Zuhura akajitazama kiooni.

"Zuri," akasema. "La nani?"

Daktari Mkuu akacheka. Mimi nikavua koti, nikalitundika, nikashuka ngazi zilezile.

Watu husema mashine iliniondoa. Si kweli. Ilichonga ilivyoambiwa, tena kwa usafi ambao mkono wangu haukuufikia. Kinachoniuma mpaka leo ni kuulizwa na mtu aliyekwisha kuamua.

Sikurudi Kikwajuni. Nikaenda mpaka Fumba, nikaulizia chumba, nikaelekezwa kwa bibi mmoja.

"Baba, mizigo yako ndiyo hii tu?" akacheka. Aliponiona namtazama, akaufunika mdomo kwa kanga. "Unatazama mwanya wangu? Mwanangu anataka niende mjini nikauzibe. Kuna mashine siku hizi."

"Naijua," nikamwambia. "Usende."

Nikauweka mkoba wangu chini.