Sauti ya Mbu

Hadi leo mbu akinililia sikioni, hasira hunipanda kabla hata sijampiga.

Miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa na banda la video pale Ifakara. Katuni zake zote zilikuwa za Kizungu, na watoto walikuwa hawaelewi kitu. Basi nikawa nasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, nawatia wale paka na panya maneno ya Kiswahili. Watoto wakacheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Habari zikasambaa, hata Mlimba wakanijua.

Ndipo akaja mwongozaji mmoja kutoka Dar es Salaam. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza katuni ya malaria kwa ajili ya televisheni. Alinisikiliza siku nzima bandani, kisha akasema, "Dada, sauti kama yako ndiyo tunayoitafuta."

Nikaenda Dar. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Nikapewa sauti mbili: mbu, na mama anayeuguza mtoto. Mbu alikuwa mchezo tu. Mama ndiye aliyenipa kazi. Kuna mahali alitakiwa kumwita mwanawe: "Fumbua macho, mwanangu." Maneno hayo niliwahi kuyasikia nyumbani, mdogo wangu aliposhikwa na degedege. Hakufumbua macho tena. Nikayasema kama mama yangu alivyoyasema, kwa lafudhi ileile ya Kipogoro. Fundi mitambo akageukia ukutani akajifuta uso. Mwongozaji akasema, "Hapo hapo. Tusiguse kitu."

Kanda ilipoletwa Ifakara, nilimwita mama kutoka Kisawasawa. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge kipya, akakalishwa mbele.

Mbu akatokea, akaongea kwa sauti yangu. Bandani wakapiga makofi. Kisha akatokea mama wa mtoto, akafungua mdomo, na ikatoka sauti nyororo ya mwanamke nisiyemjua, kama mtangazaji anayesoma taarifa ya habari. "Fumbua macho, mwanangu," akasema, kama anayemwamsha mtoto aende shule.

Mama akaniinamia. "Wewe ni yupi?"

"Mbu."

"Mbu tu?"



Kesho yake nikaenda posta kupiga simu. Mwongozaji hakuona haya. "Usichukie, dada. Wakubwa wamesema mama lazima asikike kistaarabu. Ile lafudhi ya shamba inamfaa zaidi mbu."

"Mtoto wa nani anakufa kule kwenye katuni yenu?" nikamuuliza. "Si wa sisi wenye lafudhi ya shamba?"

Akasema ana kikao. Simu ikakatwa.

Msimu wa mavuno uliofuata alikuja mwenyewe, na gari. Alinikuta uani napepeta mchele, mama yuko pembeni. Akamwamkia mama vizuri, kisha akanigeukia.

"Nimekuletea kazi nyingine."

"Nani safari hii?"

Akababaika kidogo. "Fisi. Lakini fisi mkubwa, yumo mwanzo hadi mwisho."

Nikaendelea kupepeta. Mama akasema mgeni apewe maji, nami nikampa, maana sikulelewa kumnyima mtu maji. Akanywa, akangoja nimwambie neno. Alipochoka kungoja akapanda gari lake akaondoka.

Watu waliniambia nimechezea bahati. Pengine. Yule mwanamke wa sauti nyororo alipata jina kubwa baadaye, na simchukii; hakuwepo siku ile studioni. Ninaowachukia ni wale walionisikia nikimlilia mdogo wangu, wakafuta.