Washauri wa Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya Muthetheni, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na nakala moja ya utenzi wa kale, yaani shairi refu lenye kisa. "Wanafunzi ni arobaini na wawili," akasema. "Utajua vile utafanya." Basi mmoja alisimama akasoma, wengine wakasikiliza, kisha tukajadili. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, hiyo ndiyo ilikuwa maktaba yetu.

Baadaye nilihamishiwa Kithyoko. Mkuu wa huko hakupenda kuulizwa maswali. "Mwalimu, hapa tunapita mtihani," alinionya. "Hiyo falsafa peleka nyumbani." Kupita kulihitaji mwongozo, kijitabu chenye majibu yaliyokwisha kutafunwa, nami nikiri kwamba niliutegemea mno.

Utenzi ulihusu mfalme aliyefuja akiba ya chakula wakati wa njaa huku washauri wakimsifu. Niliuliza kidato cha tatu ni nani wa kulaumiwa. Mwongozo ulisema mfalme. Mwende, binti wa mkulima wa papo hapo, alipinga.

"Asi, mwalimu, mfalme angejua aje? Hao wazee ndio walikuwa wanaona watu wakikufa na wananyamaza. Mimi naona makosa iko kwao."

Nilimjibu kwamba hilo halimo kwenye mwongozo. Wenzake wakacheka, akaketi.

Muhula uliofuata wanafunzi waligomea maharagwe yaliyobunguliwa. Mkuu alitaka kinara wa mgomo, na kwa kuwa Mwende alikuwa na mdomo, akatajwa yeye. Aliitwa mbele ya mkutano wa walimu. Nilijua hakuhusika: wenzake walipopanga mgomo huo uwanjani, yeye alikuwa darasani akinisomea insha yake.

"Kuna mwalimu ako na kitu ya kusema?" mkuu aliuliza.

Barua yangu ya kuomba kupandishwa cheo ilikuwa mezani pake, ikingoja sahihi. Nikainamisha kichwa. Mwende alifukuzwa siku hiyo, na masomo yake yakaishia hapo.

Mimi nilipanda cheo, nikawa naibu wa mkuu katika shule ya Ekalakala. Niliendelea kufundisha utenzi uleule kwa miaka mingi, na kila tulipofika kwa washauri niliona aibu, nikaharakisha. Majuto ni mjukuu. Wangu alinikuta na mvi.

Nyinyi mnaoanza ualimu mtaniuliza kwa nini sikumtafuta mapema. Niliogopa, basi. Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Kithyoko, nikamkuta sokoni akiuza nyanya. Alinisalimu kwa heshima, akanipa kigoda. Nikamwambia kwamba siku ile nilijua ukweli, nikanyamaza.

"Nilijua unajua, mwalimu," akasema, akiendelea kupanga nyanya. "Mkuu hata sikumuangalia. Nilikuwa naangalia wewe tu, mpaka mkutano ikaisha."