Ng'ombe wa Kitabu cha Baba

Mama husema nilizaliwa nikiuliza. Swali lililonisumbua utoto mzima lilimhusu ng'ombe mmoja wa kitabuni.

Baba alikuwa na duka Roret. Kitabu alikipata siku meneja wa shamba la chai alipokuwa anahama na vyombo vyake vikauzwa nje kwenye nyasi. Kilikuwa wasifu wa Mzungu mmoja wa zamani, kati ya watu wa kwanza kufanya matangazo ya biashara kuwa kazi. Jioni, wateja wakishapeleka majani yao ya chai kituoni kuuza, baba alikifungua juu ya kaunta akawasomea kwa Kiswahili. Walichopenda ni ng'ombe. Yule bwana alikosa ukuta wa kuandikia tangazo la sabuni, akakodi ng'ombe wa jirani, akampaka jina la sabuni mbavuni, akamwachilia siku ya soko. Watu wakamfuata hadi mtoni waone kama maandishi yatatoka. Njiani ng'ombe akavamia napia ya mtu, yale majani marefu ya kulishia mifugo. Mimi nilitaka kujua napia ilipandwa lini huko Uzunguni. Baba alinijibu kwamba mtoto mwenye maswali mengi hula chakula kimepoa.

Mwaka jana, baada ya kumzika baba, nilienda nyumbani nikamkuta mama amekitoa kitabu kabatini. Hakujifunza Kiingereza, na alitaka nimsomee habari za ng'ombe, mara moja tu, kutoka kwenye kitabu chenyewe.

Kilikuwa bado kimevaa karatasi ya kaki, kwa maana kila Januari mama alivalisha vitabu vyetu vya shule, na hicho akakivalisha pamoja navyo. Nilipoivua nikakuta ngozi nyekundu laini na herufi za dhahabu. Ndani kuliandikwa toleo la kwanza. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakaa na bwana harusi tukidhani ni mwanafunzi.

Kisha nikajaribu kufunua. Baada ya kurasa chache za mwanzo, zilizobaki zilikuwa zimeshikana ukingoni, kama vitabu vya zamani vilivyotoka kwa mfunga vitabu, zikingoja kisu. Hakuna mtu aliyewahi kuzisoma. Hata baba.

Niliogopa. Kama ng'ombe hakuwemo, baba alikuwa amemdanganya mkewe maisha yao yote, na sasa hayupo kujitetea.

"Kwani imekwama?" mama akauliza.

"Zinataka kukatwa, mama."

Akaniletea kisu cha kukatia mboga za sukuma. Nikakata polepole, nikipitisha macho kila karatasi iliyofunguka, na sitaficha, nilifurahia, kwa sababu hatimaye ningejua. Kulikuwa na magazeti, mabango ya stesheni, ugomvi na washirika, safari za meli. Chai ya mama ilipoa kikombeni. Nilifika jalada la nyuma. Ng'ombe hakuwemo, wala sabuni yenyewe.

"Umefika kwa ng'ombe?"

Nilimtazama. Alikuwa amekunja mikono mapajani, anasubiri kama watu wanavyosubiri sala ianze. Nikarudi katikati ya kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari uliokuwa unazungumzia kodi ya ofisi.

"Nimefika," nikasema. "Basi yule bwana akakosa ukuta. Akaenda kwa jirani, akakodi ng'ombe mweupe, akachukua brashi na rangi nyeupe..."

"Nyeusi," mama akasema.

"Rangi?"

"Ng'ombe. Ng'ombe ilikuwa nyeusi. Sasa rangi nyeupe itaonekana aje kwa ng'ombe nyeupe?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kodi ya ofisi. Mama akavuta kiti karibu, akakichukua kile kikombe kilichopoa, akanywa.

"Endelea kusoma," akasema. "Hata baba yako mara ya kwanza alikosea hapo hapo."