Mmasai wa Kyela

Nilifika Karatu kwa sababu ya shingo ya dereva wa basi.

Nilikuwa nimetoka Kyela kumzika bibi yangu, yeye aliyenilea, na baada ya arobaini sikuona cha kunibakiza pale. Ndivyo nilivyoishi tangu nimalize kidato cha nne: mahali pakianza kunizoea, mimi naanza kuulizia mabasi. Safari hii nilikata tiketi ya Arusha, mji ambamo sikuwa na mtu wala kazi. Iringa tulikula, Dodoma tulilala ndani ya basi, na mbele ya Kondoa springi ikakatika. Fundi alipoingia uvunguni, dereva alikaa juu ya jiwe, akigeuza mwili mzima kama fisi kila alipotaka kumtazama mtu.

Nikamwambia kwamba niliwahi kufanya kazi ya masaji katika hoteli za pwani. Alinitazama kwa mashaka, kisha akavua shati. Tulipokaribia njia panda ya Makuyuni alikuwa anageuza shingo kulia na kushoto bila sababu yoyote, kwa furaha tu, hata abiria wakaanza kumsihi atazame barabara.

"Arusha unakwenda kufanya nini?" akaniuliza.

"Kutafuta."

"Arusha watafutaji wamejaa. Shuka hapa, panda gari la Karatu. Migongo yote ya dunia inapita kule."

Nikashuka. Gari la Karatu likapita Mto wa Mbu, likapanda ule ukuta wa bonde, ziwa Manyara likabaki chini kama sahani iliyosahauliwa nje. Juu kulikuwa na baridi, udongo mwekundu na moshi wa kuni, nikaikumbuka Tukuyu. Hilo ndilo tatizo langu: kila mahali hunikumbusha mahali pengine. Lakini jioni ile, nikiwa nimesimama kando ya barabara kuu na begi langu, nilijiapia kwamba hapa nitakaa. Nitapata chumba, nitatundika kibao mlangoni, nitazeekea nyuma yake.

Chumba nilikipata kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la nguo, mjane, baba yake alikuja na biashara kutoka Kondoa zamani. Kilikuwa nyuma ya duka, na hakikuwa na mlango wake wa nje. Kila aliyetaka kukandwa ilimbidi apite kwanza katikati ya mashuka ya Kimasai yaliyoning'inizwa toka darini hadi sakafuni.

"Sharti langu ni moja," alisema. "Wateja wako wapite dukani wakiingia, na wapite dukani wakitoka."

"Hakuna njia nyingine, mama."

"Ndiyo maana sikuijenga."

Nikatundika kibao: MASAJI. Nikakaa nyuma yake. Wakapita wakulima wa Ganako na magunia yao, wakakisoma, wakaendelea na safari. Mtu aliyelima kutwa hakuona sababu ya kumlipa mwanamume mwenzake amshike mgongo. Nilianza kusikiliza tena honi za mabasi.

Aliyeniokoa ni dereva wa watalii. Huyu alikuwa Mwiraki, mwenyeji wa Karatu, mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na kazi yake ilikuwa kuwashusha wageni krita, lile bonde la wanyama la Ngorongoro, kuwaonyesha faru kama yupo na kuwaeleza alivyo kama hayupo. Barabara ilipokuwa mbaya, gari likiwarusha wageni hadi wakagonga vichwa, aliwaambia kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo masaji ya Kiafrika na wanaipata bure. Madereva wote hutoa utani huo na wageni wote huucheka. Wangu mimi alikuwa wa kwanza kuona kwamba baada ya utani kuna biashara.

Alikuja kunikagua. Akalala, nikamkanda kiuno, akanguruma kwa raha, akainuka na kusema:

"Mkono unao. Ila kaka, hebu niambie ukweli. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kyela."

"Unaona sasa? Mgeni hajapanda ndege usiku kucha ili akandwe na mtu wa Kyela."

"Basi akandwe na nani?"

Alikwisha kugeuka. Alikuwa anayatazama mashuka.

Wiki ile kibao kikabadilika kikawa MASAJI YA KIMASAI. Mama mwenye duka alinichagulia shuka jekundu la miraba na kunifunga begani kwa mikono yake, akirudi nyuma kunitazama kama fundi cherehani.

"Mama, lakini mimi si Mmasai."

"Na hili shuka je? Limefumwa kiwandani na mashine. Mimi huwauzia wachungaji wa Ngorongoro, huwauzia wazungu, leo nakuuzia wewe. Kabila hili mwanangu, mimi ndiye ninayelivalisha. Nikisema wewe ni Mmasai, ni Mmasai."

Masaji yenyewe tuliibuni mimi na dereva kwenye chupa ya chai. Rungu la kuuzia wageni nililizungushia kitambaa, nikalisukuma mgongoni kama mtu anayesukuma chapati. Kengele ya ng'ombe niliitikisa mwanzo na mwisho. Mafuta yalikuwa ya alizeti, ya mama mmoja wa Buger. Dereva aliwaeleza wageni kwamba morani hujipaka hayo kabla ya kwenda kukutana na simba. Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Pwani nilifundishwa kuanzia kichwani: ukiupata utosi wa mtu, kiwiliwili kilichobaki hujileta chenyewe. Basi kila mteja nilianza kwa kumwekea viganja viwili utosini na kunyamaza.

Wakaja. Wakaja mpaka nikalazimika kuweka benchi dukani. Na hapo nikajifunza siri ya kumfurahisha mteja, ambayo haina uhusiano mkubwa na mgongo. Akikuambia misuli yake ni migumu, unamwambia hujawahi kushika migumu kama hiyo. Kila mzungu aliyelala pale alikuwa na misuli migumu kuliko yote ya Karatu, na kwa bahati njema hawakuwahi kukutana wakalinganisha. Akikuuliza kama mbinu hii ni ya kale, unatazama mbali, kuelekea stendi, na kuitikia kwa kichwa polepole. Akilia, usimuulize. Akitoka, anapita dukani akiwa amelegea, na mtu aliyelegea hawezi kukataa shuka.

Mama aliuza, dereva alisifiwa, wageni waliandika kwenye simu zao kwamba wamebadilika maisha. Mimi nilikuwa na chumba. Jioni nilipiga mluzi nikifagia, na honi za mabasi nikawa sizisikii.

Furaha ya wateja ndiyo iliyotuponza. Kundi moja la wageni lilifurahi kupita kiasi. Kesho yake walikwenda kutembelea boma huko Ngorongoro, wakamwona mzee mwenye boma hawezi kuinua mkono wa kulia. Wakashikwa na huruma. Wakamwambia dereva: mchukueni mzee huyu, tunamlipia, akapate masaji ya mababu zake.

Dereva alinipigia simu akiwa njiani. "Kaka, nakuletea Mmasai."

"Wa nini?"

"Wa kukandwa."

"Kukandwa Kimasai?"

"Mimi nifanyeje? Wamo nyuma ya gari, wanaimba."

Mzee aliingia akiinama kukwepa mashuka, mrefu, koti zito la jeshi juu ya shuka lake, saa kubwa mkononi, simu ikining'inia shingoni. Wageni wakajipanga ukutani, kamera juu. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikatikisa kengele. Mama mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umefunikwa na ncha ya mtandio. Kwa woga nikafanya kile ambacho mikono yangu ilikizoea: nikamwekea mzee viganja viwili utosini.

Mwili wake ukakauka. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti ya upole kabisa, akasema kwa Kiswahili:

"Ondoa mikono kichwani kwangu. Na utabasamu. Wanapiga picha."

Nikaondoa. Nikatabasamu. "Samahani sana, mzee."

"Usiombe samahani kwa sura hiyo, watajua. Kwetu mkubwa ndiye anayemgusa mdogo kichwa. Mdogo anainama, anaguswa, ndiyo salamu. Hata layoni, mtoto ambaye hajatahiriwa, hawezi kunifanyia ulivyonifanyia. Wewe ni rika gani?"

Kamera zilikuwa bado juu. Nilikiona kibao changu, kitanda changu, ukuta niliopaka chokaa mwenyewe, vyote vikining'inia kwenye jibu hilo. Neno moja la mzee kwa dereva, dereva akalazimika kulitafsiri, na mimi nipo barabarani na begi.

"Sina rika, mzee."

"Unatoka wapi?"

"Kyela."

"Kyela kuna Wamasai?"

"Wapo wanaouza dawa stendi. Mimi si mmoja wao."

Mzee akacheka, cheko refu lililomtikisa mabega mpaka akaugulia lile bovu. Wageni nao wakacheka, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya mila.

"Nisikilize," akasema, bado anacheka. "Mimi kule bomani vijana wangu wanarukaruka kila gari likifika. Wanarukia wageni wa asubuhi, wanarukia wa mchana. Mwingine anaruka huku amemwacha ng'ombe anazaa. Kwa hiyo sitakuumbua. Biashara yetu ni moja. Lakini inama kwanza."

Nikainama. Akanigusa utosini kwa ncha za vidole, mara moja, kama mtu anayejaribu joto la chungu. Wageni wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

"Sasa weka chini hilo gongo la sokoni. Bega hili linauma kweli. Nilianguka na bodaboda nikitoka mnadani. Unajua kazi, au unajua shuka tu?"

Swali lile liliniuma kuliko yote aliyokwisha kusema. Nikamwomba mama maji ya moto na chumvi. Nikavua shuka, maana lilikuwa linaniingilia mikononi, nikalichovya taulo na kumkanda mzee kama bibi yangu alivyowakanda wanawake wa kijiji waliorudi na mizigo ya ndizi: taratibu, bila kengele, ukisikiliza kwa dole gumba mahali nyama inapokataa. Nilimsahau dereva. Harufu ya chumvi na maji ya moto ilinirudisha jikoni kwa bibi, na nadhani nilikuwa nalia kidogo. Mzee alikuwa anakoroma.

Nilipoinua macho, wageni walikuwa wamebaki wawili. Mmoja alimnong'oneza dereva kitu, na dereva akanitafsiria kwa sura ya mtu aliyemeza nzi:

"Anauliza masaji ya Kimasai inaanza saa ngapi."

Siku ya mnada uliofuata mzee alirudi, mkono juu, akiwapungia watu ambao hawakuwa wakimtazama. Alikuwa ameleta wagonjwa: ndugu wa rika lake, wake zao, jamaa mmoja aliyetoka mbali, huko Oloipiri, na kiuno kilichokuwa kimepinda. Walijaza benchi. Walileta maziwa kwenye vibuyu. Na sikuweza kuvaa shuka mbele yao; ilikuwa kama kwenda kituo cha polisi umevaa sare ya polisi. Nilipojaribu mara moja, kwa ajili ya wageni wa saa tisa, wanawake wa benchi walicheka hadi wakashikana.

"Amelifunga kama mtandio!" alisema mmoja. "Njoo tukufunge, we layoni wa makamo!"

Wageni wakawa wanaingia, wanamkuta mtu wa suruali na fulana anamchua mtu aliyevaa shuka, wanatoka kumuuliza dereva kama hapa ndipo.

"Umeharibu bidhaa," dereva aliniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtaalamu. "Waambie waje usiku. Au wapitie nyuma."

"Nyuma hakuna mlango."

"Basi chagua, kaka. Wale wenye furaha, au wale wenye maumivu."

Nilidhani ningeweza kuwa na wote. Nilikuwa na chumba, nilikuwa na mikono, kwa nini nisiweze? Lakini wale wachungaji walipotoka walipita katikati ya mashuka bila kuyatazama, kwani walikwisha kuyavaa, na mama akaanza kunipa chai isiyo na maziwa. Alinivumilia muda mrefu kuliko nilivyostahili. Siku aliyonieleza alikuwa anakunja nguo, wala hakuniangalia.

"Mwanangu, watu wako wanapona?"

"Wanapona, mama."

"Alhamdulillahi. Lakini mtu aliyepona anakwenda zake. Duka haliwezi kula dua." Akalainisha mkunjo. "Dereva ana binamu yake, kijana mrefu, ana masikio yametobolewa. Anaingia chumbani mwisho wa mwezi."

Nilimfundisha kijana huyo mwenyewe kutumia rungu, na nikamwonya kuhusu vichwa. Hakuelewa ninachosema, wala hakuwa na haja ya kuelewa. Mlango wake ulijaa tangu siku ya kwanza. Mzee nilimwambia kwa simu. Nikasikia ng'ombe nyuma yake, kisha akasema, "Bega nitalipeleka wapi sasa?" Nikamwambia alikande kwa maji ya chumvi. Swali lake ndilo jambo pekee lililonifanya nisite.

Niliondoka alfajiri, Karatu ikiwa na ukungu wake na majogoo. Mama alinifuata hadi kwenye basi la Arusha na shuka limekunjwa, lile lile langu.

"Chukua. Baridi. Na huko uendako, wakikuuliza umelinunua wapi, waambie."

Nikajifunika. Pembeni yangu aliketi mama wa Kimasai na binti yake mdogo. Yule mtoto alinitazama, akalitazama shuka, kisha akasogea na kuinamisha kichwa mbele yangu, akangoja. Sijui aliliinamia shuka au mvi zangu. Mama yake alitazama mikono yangu. Basi lilikuwa limekwisha kung'oka stendi, na mtoto alikuwa bado ameinama, akiyumba na gari.

Nikamgusa kwa ncha za vidole. Akarudi kwa mama yake, akalala.