Adapta nzima, kinanda kimekufa

Jamani, leo nimeua kinanda cha kwaya mbele ya kwaya yenyewe.

Adapta yake iliungua juzi, na kesho watoto wetu wa Katandala wanapokea komunyo ya kwanza. Nikajiambia fundi redio hashindwi, nikaunda nyingine.

Transfoma ya kupunguza umeme niliitoa kwenye redio mbovu. Daiodi nne za kuufanya uende upande mmoja. Kapasita ya kuutuliza. Nikapima: volti kumi na mbili safi kabisa!

Waimbaji wakasimama. Nikachomeka.

Moshi.

Redio ninazotengeneza, chanya huwa katikati ya pini. Kumbe kinanda hiki katikati ni hasi; nimekilisha umeme kinyume. Alama ipo nyuma yake, chini ya stika iliyoandikwa MALI YA KWAYA, USIGUSE.

Hiyo stika niliibandika mimi.

Mwalimu wa kwaya hakufoka. Bora angefoka. Aliuliza tu taratibu, "Pole, fundi. Na adapta yako nayo imeungua?"

Haijaungua, mwalimu. Ni nzima.

Nimekaa nje ya kanisa kwenye upepo huu wa Sumbawanga, nimeipakata adapta yangu. Ndani wanafanya mazoezi kwa makofi.

Nitukaneni hapa, maana wao wamekataa.